Deni, dini na bunduki katika mashamba ya afyuni

WAKATI manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilipolisimamisha jahazi moja mashariki mwa Mombasa mnamo Aprili 2014, mabaharia wake walinasa kilo 1,032 za heroini zilizofichwa miongoni mwa magunia ya saruji. Wengi waliisoma habari hiyo kama kisa cha walanguzi tu. Ni wachache waliojiuliza shehena ile ilianzia katika shamba la nani.

Sehemu kubwa ya heroini inayovuka Bahari ya Hindi hadi ufuo wetu hutokana na afyuni ya Afghanistan, ambako mkoa wa Helmand ulitia fora kwa miaka mingi. Husafirishwa hadi pwani ya Makran, nchini Iran na Pakistan, kisha hupakiwa majahazini.

Mkulima wa Helmand hakuichagua afyuni kwa kuipenda. Zao hilo haliozi upesi, na mnunuzi hulifuata shambani hata barabara zikiwa zimetegwa mabomu. Muhimu zaidi, lilimpa mkopo. Msimu wa baridi, ghala likiwa tupu, mfanyabiashara humlipa fedha za mavuno ambayo bado yamo ardhini, kwa bei ya kutupa. Shamba likifyekwa, deni hubaki palepale. Baadhi ya familia zililazimika kuwaoza mabinti wao kwa wadai.

Mkulima huyo ni Mwislamu na anajua fika kuwa kileo ni haramu. Alijitetea kwa hoja ya dharura: mwenye njaa ana ruhusa. Lakini dhamiri yake ilipata wapi mwongozo, ilhali mullah wa kijiji naye alipokea sehemu ya kumi ya mavuno yayo hayo? Malipo hayo huitwa ‘ushr’, neno la Kiarabu lililotuzalia ‘ushuru’ wetu. Taliban nao waliyatoza.

Kisha kukawa na misukosuko ya siasa. Mnamo Julai 2000, kiongozi wa Taliban, Mullah Omar, alipiga marufuku kilimo hicho. Mavuno yaliporomoka kutoka takriban tani 3,300 mwaka huo hadi tani 185 mwaka wa 2001. Kabla ya mwaka huo kwisha, Marekani na washirika wake waliing’oa serikali yake, na wakulima waliolemewa na madeni wakarudia mbegu.

Serikali mpya ya Kabul pia iliharamisha zao hilo, lakini ni nani angeiamini? Mwaka wa 2005, tani tisa za afyuni zilipatikana katika afisi za gavana wa Helmand, Sher Mohammad Akhundzada. Alidai zilikuwa zimetwaliwa kutoka kwa walanguzi. Aliondolewa wadhifani kwa shinikizo la Uingereza, akapewa kiti katika seneti. Baadaye alieleza kwamba, aliposhindwa kuwalipa watu wake, wapatao 3,000 walijiunga na Taliban.

Kisa hicho kinafafanua mengi kuhusu utiifu katika vita hivyo. Vikosi vya serikali vilifyeka mashamba ya wasio na hongo wala jamaa serikalini. Taliban waliyalinda, kisha wakadai fungu lao. Familia ikawa na mwana mmoja katika polisi na mwingine kwa waasi, si kwa itikadi, bali ili yeyote atakayeshinda asiwafukuze katika ardhi yao. Kumwita mtu wa aina hiyo msaliti ni rahisi kwa aliye mbali.

Taliban walirejea Kabul Agosti 2021, na Aprili 2022 wakatangaza marufuku tena. Ekari zilizopandwa zilipungua mno: kutoka hekta 233,000 mwaka wa 2022 hadi 10,800 mwaka wa 2023. Bei ilipaa, na walionufaika ni wenye mashamba makubwa na wafanyabiashara waliokuwa na akiba ghalani. Aliyelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno hakuwa na akiba yoyote.

Mwezi wa Mei 2024, wakulima wa Badakhshan walikabiliana na vikosi vya Taliban vilivyokwenda kufyeka mimea yao, na watu wakauawa. Kufikia mwisho wa mwaka huo hekta zilikuwa zimepanda hadi 12,800, nyingi zikiwa huko kaskazini mashariki wala si Helmand.