Betri ya Moyo Inaweza Kutumika Tena

Mtu akizimia kwenye foleni ya posho pale Kenani, kituo cha wakimbizi mkoani Luapula, kaskazini mwa Zambia, majirani hutaja njaa kwanza, kisha malaria, kisha sukari. Mara nyingi hawakosei. Lakini yuko mzee mmoja mmoja ambaye amekula, hana homa, na bado huanguka ghafla, akainuka baada ya sekunde chache akiuliza kumetokea nini. Muuguzi akimshika mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima, hupata 32 au 35 badala ya 70. Nyama ya moyo wake yaweza kuwa nzima kabisa. Kilichoharibika ni njia ya umeme.

Kila pigo la moyo huanza na mshtuko mdogo wa umeme unaozaliwa katika chumba cha juu, upande wa kulia, na kushuka hadi vyumba viwili vya chini vinavyosukuma damu. Njia hiyo ikifungika kabisa, vyumba vya chini hubaki vikijipigia vyenyewe, polepole na bila uhakika. Vikisita kidogo ubongo hukosa damu na mtu huanguka. Vikisita zaidi, haamki. Hakuna kidonge cha kutibu hali hii kwa kudumu. Tiba yake ni betri ya moyo: kopo dogo la titani lenye betri ya lithi ndani, linalofukiwa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake ukapitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Mgonjwa hupigwa ganzi tu, na kazi huchukua saa moja hivi. Mtu wa kwanza kuwekewa betri ya moyo mwilini, Arne Larsson wa Sweden, aliwekewa mwaka 1958, akabadilishiwa mara nyingi na kuishi hadi 2001.

Tiba hii ina umri wa zaidi ya miaka 60, na bado Waafrika wengi hawaifikii. Chama cha madaktari wa moyo wa Afrika nzima kilipokusanya takwimu za nchi 31 za miaka ya 2011 hadi 2016, kilikuta kiwango cha kati cha betri zisizofikia tatu kwa kila watu milioni moja, kiwango kilicho chini ya kile cha Ulaya kwa takriban mara 200. Betri mpya hugharimu maelfu ya dola. Kwa Wakongo waliovuka kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika tangu 2017, wakapokelewa Kenani kisha wakapewa viwanja katika makazi ya Mantapala, fedha hizo hazimo hata katika ndoto. Hali kadhalika kwa mvuvi Mzambia wa Kashikishi anayetibiwa pamoja nao katika hospitali ya misheni ya St Paul's. Hospitali ya Taifa ya Moyo iko Lusaka, karibu kilomita 1,000 kwa barabara.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, betri nzima hutupwa. Huko Marekani na Ulaya maiti nyingi huchomwa, na kifaa lazima kitolewe kwanza kwa sababu betri ya lithi hulipuka ndani ya tanuri. Baadhi ya vifaa vinavyotolewa vilivaliwa mwaka mmoja au miwili tu, na vimebakiwa na miaka mingi ya kazi. Titani imechimbwa, saketi zimeundwa, ndege imesafirisha, hospitali imelipa, na mwisho wake ni pipa la takataka. Nauona huu kuwa upotevu mkubwa kuliko wote katika tiba ya moyo, kwa fedha na kwa mazingira pia.

Thomas Crawford na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan wamefanya kazi ya miaka mingi ya kukusanya vifaa hivyo kwa idhini ya familia, kuvisafisha, kuvipima na kuvitakasa upya. Novemba 2024, kwenye mkutano wa madaktari wa moyo mjini Chicago, walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 298 katika nchi saba, Kenya na Msumbiji zikiwemo. Kura ndiyo iliyoamua nani apate betri mpya na nani apate iliyotakaswa. Baada ya siku 90, waliopata zilizotakaswa hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao, na maambukizi yalikuwa machache pande zote mbili. Kabla ya hapo, mwaka 2020, watafiti wa Kanada walikuwa wamechapisha habari za wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Mexico, Jamhuri ya Dominika, Guatemala na Honduras waliowekewa vifaa vilivyokwisha kutumika. Walilinganishwa na Wakanada waliowekewa vipya. Katika miaka miwili, maambukizi au kifo kilichotokana na kifaa kiliwapata asilimia 2.0 ya waliowekewa vilivyotumika na asilimia 1.2 ya Wakanada. Kitakwimu, pengo hilo ni dogo kiasi kwamba laweza kuletwa na bahati tu.

Kuna pingamizi ambalo lazima lisikilizwe kwa heshima: kwa nini maskini apewe kifaa cha marehemu wa nchi tajiri? Mkimbizi aliyeacha nyumba na mashamba amekwisha kupokea mitumba ya kutosha. Jibu langu ni kwamba mgonjwa aambiwe kila kitu kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Kibemba, na akikataa asifokewe. Tena kifaa kipimwe kwa kanuni ambazo daktari angezitaka kwa mama yake mzazi. Bila masharti hayo sitaunga mkono. Yakitimizwa, kumnyima mgonjwa tiba kwa kulinda heshima yake ni kumwacha afe.

Kazi yenyewe ya kutakasa si ya kufanyia wilayani. Saketi haziwezi kustahimili joto la mvuke tunaotakasia mikasi, kwa hiyo hutumika gesi ya oksidi ya ethilini, ambayo ni sumu na inaweza kusababisha saratani kwa wanaoivuta kazini. Inahitaji mitambo maalumu, mafundi waliosomea na umeme usiokatika. Zambia ilionja mwaka 2024 maana ya ukame katika bwawa la Kariba: umeme ulikatwa kwa saa nyingi kila siku. Kituo kimoja kwa nchi kadhaa, chenye umeme wa jua wa akiba na mkaguzi asiyeogopa kukifunga, kingetosha. Waya unaoingia moyoni uendelee kuwa mpya.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Kila kampuni ina mashine yake ya kusomea betri zake, na mashine ya kampuni moja haisomi betri ya nyingine. Ukileta betri za makampuni matano bila mashine zake, umeleta mizigo. Mashine hizo zinabebeka. Zikipelekwa Mansa, mji mkuu wa mkoa, mara mbili kwa mwaka pamoja na fundi mmoja, wagonjwa wa Luapula nzima wangekaguliwa bila kufunga safari ya Lusaka, na mafuta ya safari za wagonjwa kumi yangebaki kwenye tangi.

Hoja hii inavuka betri. Andreas Grüntzig alipozibua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza, mjini Zürich mwaka 1977, mirija yake aliitengeneza kwa mikono jikoni kwake. Leo kila mrija hufika na maandishi ya kutumika mara moja, na maandishi hayo huwekwa na mtengenezaji, ambaye ndiye mwenye faida mrija unaofuata ukinunuliwa. Utafiti wa Kijerumani wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mrija wa umeme wa moyo ukitakaswa kiwandani badala ya kununuliwa mpya, hewa ya ukaa inayozalishwa hupungua kwa nusu. Kwa Zambia, ambako umeme mwingi hutoka kwenye maji, hesabu ya hewa chafu ya hospitali huenda imelalia zaidi kwenye shehena za vifaa kutoka nje na plastiki inayochomwa nyuma ya wodi. Daktari Mfaransa Alain Cribier wa Rouen alifikiria kutumia tena vifaa miaka ya 1990 alipobuni kifaa cha metali cha kufungua valvu iliyobana, makusudi kitakaswe na kutumika tena na tena mahali ambapo puto la kutupa halinunuliki. Ninachokipinga ni kutumia tena kwa kificho, bila daftari la kuhesabu mara ngapi. Hatari iko hapo.

Hata hivyo, upasuaji ulio nafuu kuliko wote ni ule usiohitajika. Valvu zinazobana kwa vijana wetu huharibiwa na homa inayofuata maumivu ya koo ya utotoni, na vijidudu vya koo hupenda msongamano, mahema na vyumba vya kulala watu wanane. Kaskazini mwa Uganda, madaktari wa huko na wenzao wa Marekani walipima watoto kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wakaingiza katika jaribio 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huo zisizojionyesha kwa nje. Nusu walipewa sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne. Matokeo yalichapishwa 2022: baada ya miaka miwili ugonjwa ulizidi kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa sindano, na kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa.

Dawa hiyo ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Ikiwa ya unga haihitaji friji, na muuguzi wa zahanati ya Mantapala anaweza kuichoma. Ugumu ni kwamba inauma, inaendelea kwa miaka, na familia za wakimbizi huhama: wengine hurudi Pweto, Kongo, wengine hufuata jamaa mijini. Kwa hiyo kadi ya mtoto iandikwe tarehe ya sindano ijayo na jina la dawa kwa Kifaransa na Kiingereza, ili zahanati ya ng'ambo ya Ziwa Mweru iipokee na kuendelea pale ilipoishia ya huku.