KOMPYUTA YA KIKUNDI HAIWAKI: TUANZIE WAPI?

Siku hizi vikundi vingi vya kuweka na kukopa vinaandika hesabu zao katika kompyuta ya kupakata. Mara nyingi ni kompyuta kuukuu, iliyonunuliwa mjini kwa bei nafuu. Basi siku moja mwekahazina anabonyeza swichi, kimya! Wanachama wanaanza kunung'unika kwamba michango yao imepotea. Wengine wanamtazama mwekahazina kwa jicho baya.

Tunataka tuseme mapema: kompyuta kutowaka si sawa na hesabu kupotea. Hesabu zimo katika diski, na diski hutunza maandishi hata bila umeme. Kinachoharibika mara nyingi ni njia ya umeme tu. Ni kama ghala lililokatikiwa ufunguo. Mahindi bado yamo ndani.

Haya, tuifuate njia hiyo tukianzia ukutani. Chomeka chaja ya simu katika soketi ileile. Simu isipopata umeme, kompyuta haina kosa. Wanaotumia umeme wa jua waangalie inveta. Chaja nyingi za kompyuta hizi ni za wati 65 au 90, na inveta yenye betri iliyochoka huweza kuwasha taa lakini ikaishindwa chaja.

Sasa chaja yenyewe. Nyingi zina kitaa kidogo. Kama hakiwaki, kagua waya pale unapojikunja, karibu na kiboksi na karibu na ncha. Hapo ndipo nyuzi hukatika kwa ndani. Ukiona waya uko uchi, chomoa kwanza ukutani, usiushike. Kama kitaa kinawaka, halafu kinazimika ukichomeka kwenye kompyuta, huenda kuna shoti ndani au chaja imechoka. Hilo ni la fundi.

Unaweza kuazima chaja nyingine, lakini soma kibandiko chake. Volti za umeme unaotoka lazima zilingane na za chaja yako, kwa mfano 19 kwa 19. Ampia ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Kama yako ni ya 3.42, ya 4.74 inafaa. Alama za chanya na hasi nazo zifanane. Watu wengi hukosea hapa, eti ncha imeingia, basi itafaa. Sivyo! Kompyuta nyingine zimeungua hivyo hivyo.

Chaja ikiwa nzima, kuna jambo jingine la kujaribu, tena bila gharama. Chomoa chaja. Geuza kompyuta, sukuma vile vilatchi vya chini, toa betri. Kisha bonyeza swichi ya kuwashia na uishikilie kwa sekunde 30, ili umeme uliosalia ndani uishe. Rudisha chaja peke yake, bila betri, halafu washa. Ikiwaka, huenda betri ndiyo imekufa, au ulikuwa ni ule umeme uliosalia tu. Rudisha betri ujaribu tena. Bila betri mnaweza kuendelea na kazi, ila umeme ukikatika itazimika ghafla, kwa hiyo mhifadhi kila baada ya mistari michache. Betri ikiwa imevimba, usiirudishe wala kuichaji, na usiitoboe. Inaweza kushika moto.

Je, taa zinawaka na feni inavuma, lakini kioo ni cheusi? Basi kompyuta imewaka. Mulika kioo kwa tochi, upande upande. Ukiona maandishi kwa mbali, taa ya kioo ndiyo iliyokufa. Iunganishe na televisheni kwa waya wake, mtaona hesabu zenu. Ikipiga mlio, hesabu ni mara ngapi, ukamwambie fundi.

Kwa fundi tusiende kama kondoo. Mafundi wengine hukimbilia kufuta diski na kuweka programu upya, hata pale ugonjwa ni waya tu. Katika kompyuta nyingi za zamani diski iko chini ya kifuniko chenye skrubu chache. Mwombeni aitoe mbele yenu kabla ya kazi nyingine yoyote. Akiichomeka kwenye kompyuta nyingine, hesabu zitasomeka, nanyi mtazinakili kwenye flashi. Waende wanachama wawili, mwekahazina akiwa mmojawapo, maana faili likiwa na neno la siri yeye ndiye analijua.