Sahani moja ya deni inakula faida ya sahani tatu

Franga yenye inatoka kwa shimo haikai mingi mufukoni. Sehemu moja inaenda kwa mwenye shimo, ingine kwa negosya, ingine kwa dawa ya mtoto. Lakini kila siku, hata siku almasi haionekani, kuna sehemu moja yenye haikose: ya tumbo. Njo maana sisi wa sendika tumeamua kuandika leo juu ya restora, ile malewa ndogo ya mama yenye meza tatu na mbabula mbili. Tumetembea zile za Yanonge, chini ya mto kutoka Kisangani kilometa kama 60, ngambo ya kushoto. Mingi kati yazo zimefunguliwa na bibi za wachimbaji, kwa feza yenye bwana alituma. Zingine zinasimama. Zingine zimefungwa mbele ya mwaka kuisha, na kila mara tunasikia maneno yaleyale: «Watu walikula muzuri, lakini feza sikuiona.»

Tunataka kueleza feza ile inaenda wapi.

Posho ya siku hizi

Wazee wanajua neno posho. Wakati wa Wabelgiji, dekreti ya 1922 juu ya mkataba wa kazi ilifunga kampuni kumupa mfanyakazi chakula chake. Kule Katanga na kule Kilo-Moto, posho ilikuwa unga, maharagi, mafuta ya mawese, samaki ao nyama. Haikuwa upendo. Wakubwa walipiga hesabu wakaona: mutu mwenye njaa hachimbe.

Mchimbaji wa mikono wa leo hana posho. Tangu 1982, serikali ilipofungua uchimbaji wa almasi na zahabu kwa watu wote, kila mutu anajitafutia. Kule kwa shimo mwenye kufadhili analisha timu, na siku ya kugawanya anakata. Mutu anaporudi, ao shimo linapojaa maji, ni mama wa restora anakuwa posho yake. Kwa hiyo restora inapokufa, si mama peke yake anapoteza. Watoto wa nyumba wanapoteza minerval, na mchimbaji anapoteza pahali pa kula. Mutu asiwaze kama hii ni habari ya jikoni tu. Ni habari ya kazi.

Piga hesabu ya sahani, usipige ya siku

Bamama wengi wanahesabu hivi: asubuhi nilitoka sokoni na kiasi hiki, mangaribi niko na kiasi hiki, basi nimepata. Hiyo hesabu inadanganya. Tuchukue mfano. Bei zinabadilika kila juma, kwa hiyo weka zako, lakini njia ni ileile.

Tuseme mama anapika sahani 50 za lituma na samaki. Ndizi: franga 40.000. Samaki: 60.000. Mafuta, nyanya, chumvi, pilipili: 20.000. Makala: 15.000. Maji na sabuni: 3.000. Wasichana wawili wenye wanamusaidia: 12.000. Yote pamoja ni 150.000. Gawanya kwa 50: kila sahani imemugarimu franga 3.000. Anauzisha 4.000. Faida ni 1.000 kwa sahani, na akimaliza zote ni 50.000. Muzuri kabisa.

Sasa tuangalie siku ya kweli. Sahani sita zimekuliwa na watoto wa nyumba, shemeji na mugeni mwenye alishuka na balenyeri. Sahani saba zimeandikwa deni. Zimebaki 37 zenye zililipwa: ni 148.000. Mama alitosha 150.000, amerudisha 148.000. Amesimama tangu saa kumi na moja ya asubuhi, moshi machoni, na amepoteza franga 2.000. Siku hiyo restora ilijaa watu, na majirani wanamuita tajiri.

Kuna hesabu moja tungependa kila mchimbaji aishike kichwani. Sahani imegarimu 3.000, na faida ni 1.000. Mutu mumoja akikula asilipe, mama lazima auzishe sahani tatu kwa wengine paka kwa kufunika shimo lile. Sahani moja ya deni inakula faida ya sahani tatu. Ukikula siku kumi bila kulipa, sahani 30 za watu wengine zimefanya kazi bure juu yako.

Deni liwe na mupaka

Hatusemi deni likatazwe. Kwa maisha yetu haiwezekani. Mchimbaji anaweza kukaa majuma matatu bila kuona jiwe, na mama mwenye anakataa kila deni atabaki na masahani baridi. Tunasema deni liwe na mupaka, na mupaka huo ujulikane mbele ya mutu kukaa mezani.

Restora zenye tuliona zinasimama zinafanya mambo manne. La kwanza, deni linaandikwa papo hapo ndani ya kaye, na mudeni anatia alama yake. Kichwa cha mutu kinasahau, na anayesahau zaidi ni mwenye deni. La pili, kuna kiasi chenye hakipitwe: kwa mfano sahani tano kwa mutu, akilipa anaanza upya. La tatu, mama anajua ni sahani ngapi za deni restora yake inaweza kubeba kwa siku. Kwa mfano wetu wa juu, watoto wa nyumba wakikula kwa chungu kingine, deni saba zinaacha mama na 43 zenye zililipwa, ni 172.000. Anaishi. Deni 13 zinamurudisha kwa 148.000. La ine, deni la timu linabebwa na timu, si na mutu mumoja mwenye anaweza kuhama usiku.

Hapo kooperative zina kazi. Tangu kodi ya migodi ilipogeuzwa tarehe 9 Machi 2018, sheria inataka wachimbaji wa mikono wajipange ndani ya kooperative. Watu wengi wanaiona ni karatasi tu ya kulipia. Lakini kooperative inaweza kuandikiana na restora: wanachama wanakula kwa jeton, na siku ya kuuzisha, feza ya jeton inatoka mbele ya kugawanya. Mama anajua atalipwa, mchimbaji anajua atakula. Kwa sendika tunasukuma mambo haya. Mwenye kufadhili timu hataendelea kukata chakula kwa bei yenye anaijua yeye peke yake.

Chungu cha nyumba na chungu cha kazi

Hapa ni pagumu, juu ya desturi. Kwetu mutu hafukuze mugeni mwenye njaa, na mama mwenye ananyima shemeji sahani atasemwa kijiji kizima. Dawa si kunyima. Dawa ni kutenga. Asubuhi mama anapima chakula cha nyumba, anakipika kwa chungu chake, na anakihesabu kama mushahara wake. Mugeni akifika, anakula kwa kile chungu cha nyumba. Chungu cha restora kinafunguliwa kwa mwenye kulipa, hata akiwa bwana wa nyumba. Ndiyo, ndugu mchimbaji, hata wewe. Tumeona bwana anarudi kutoka kwa shimo na marafiki wanane, wanakula, wanakunywa, na asubuhi anamuuliza bibi faida iko wapi.

Makala: feza yenye inaruka na moshi

Kwa mfano wetu makala inakula 15.000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 390.000 kwa mwezi. Watu hawaoni kiasi hiki juu kinatoka kidogo kidogo.

Tangu 2009 mpaka 2013 mradi wenye uliitwa Makala, wenye uliongozwa na CIRAD ya Ufaransa, ulifuata habari za kuni na makala kwa Kinshasa na Kisangani. Na kule Yangambi, ngambo ingine ya mto, CIFOR ilianza 2017 mradi FORETS kwa feza ya Umoja wa Ulaya, na ndani yake kuna kupanda miti ya makala. Muti unakomaa kwa miaka. Lakini moto wa jikoni mutu anaweza kuutengeneza juma hili.

Mbabula ya chuma tupu inapasha upepo pande zote. Wakenya walitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980 jiko lenye chuma inje na udongo wa kuchomwa ndani. Udongo unashika moto, na makala inapungua. Pale Goma mafundi wanatengeneza ya namna hiyo kwa wingi. Ukiokoa paka theluthi moja, kwa mfano wetu ni 5.000 kwa siku, 130.000 kwa mwezi. Jiko limejilipa, na zaidi ya hapo ni faida bila kuuzisha sahani moja zaidi.

Hata bila jiko jipya kuna njia. Lowesha maharagi usiku mzima, yataiva mbio. Funika chungu. Usiwashe mbabula ya pili mbele ya ya kwanza kujaa kazi. Makala yenye inabaki, zima kwa kuifunika, usiiache iungue bure ukisafisha meza. Na usinunue makala yenye imelowa, juu ni maji unanunua.

Pahali pasipo pa kukata

Kupunguza gharama kuko na mupaka wake, na mupaka huo ni maisha ya watu. Muhogo muchungu uko na sumu, na sumu ile inatoka kwa kulowesha siku tatu ao ine, kisha kukausha muzuri. Mwaka wa 1938 munganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa konzo kule Kwango: miguu inakufa kwa mara moja, na hairudie tena. Unashika zaidi bamama na watoto, pahali watu wanakula muhogo bila samaki wala maharagi. Kwa Bandundu, barabara ya Kinshasa ilipotengenezwa miaka ya 1970, biashara ya muhogo ilienda mbio, na watu wakapunguza siku za kulowesha ili wauzishe haraka. Konzo ikaonekana kwao. Sombe nayo ni hivyo: inataka kutwangwa muzuri na kuchemka kabisa. Mama mwenye anapunguza siku za kulowesha anaokoa siku mbili, na anaweza kupoteza miguu ya mtoto.

Maji pia. Kolera ya 2011 ilianza Kisangani, ikashuka na mto mpaka Mbandaka na Kinshasa. Ilipita njia ileile ya mapirogi na mabalenyeri yenye inaleta wakula chakula wa Yanonge. Maji ya kunywa yachemke, mikono inawe kwa sabuni, sahani isioshwe kwa beseni moja tangu asubuhi mpaka mangaribi. Zile franga 3.000 za maji na sabuni kwa hesabu yetu hazikatwe.

Pika kidogo, nunua pamoja

Restora yenye inaandika vyakula kumi kwa ubao inatupa vingi. Vyakula vitatu vinatosha: lituma, wali, na mboga ya siku, kufuatana na kile musimu unaleta. Maji ya mto yakishuka, samaki ni mingi na bei inaanguka. Ile njo siku ya kununua na kukausha kwa moshi. Mbinzo zikitoka, pika mbinzo. Siku ya soko ongeza chungu, siku zingine punguza. Kaye itakuonyesha, ukiandika kila mangaribi ngapi zilibaki.

Na bamama wanne wenye kila mumoja ananunua muchele kwa kopo, wanalipa zaidi ya wanne wenye wananunua gunia moja na kugawanya. Wengine wanaogopana juu ni washindani. Lakini mushindani wa mama wa restora si mama wa jirani. Ni deni, moshi na chakula chenye kinatupwa. Likelemba yenye inacheza kila juma inaweza kununua gunia, kisha jiko.

Kila mangaribi, maulizo matatu

Mbele ya kulala, mama achukue kaye aandike: sahani ngapi zililipwa? Ngapi ni deni, na la nani? Ngapi zilibaki? Asiyejua kuandika, mtoto wa shule atamwandikia, na mtoto mwenyewe atajifunza hesabu yenye haiko kwa ubao wa mwalimu. Baada ya mwezi mumoja, mama atajua kazi yake kuliko mutu yeyote mwenye anamushauri, sisi pamoja.

Na wewe mchimbaji, ukishuka na feza juma hili, kabla ya kununua bia ya kwanza, pita kwa mama mwenye ulikula kwake bila kulipa. Tunapigania bei ya haki kwa negosya mwenye anapima jiwe letu. Hatuwezi kuwa na uso wa kudai haki kule, wakati jina letu liko ndani ya kaye ya mama.