Taa ya Manjano katika Chumba cha Seva

Yapo maradhi ambayo mgonjwa huyaficha hadi yakamlaza, na mitambo ya kuhifadhi picha za hospitali ina tabia hiyo hiyo.

Tangu Wilhelm Röntgen alipogundua miale yake mwaka 1895, picha ya mifupa ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi, filamu nyeusi ndani ya bahasha ya kaki ambayo mgonjwa huibeba kwapani kwenda nayo kwa tabibu. Lakini katika hospitali kubwa za leo picha hutoka mashineni ikaingia moja kwa moja katika diski zilizopangwa safu kwa safu ndani ya chumba chenye baridi na kufuli, na kwa kuwa kipande kimoja cha picha ya CT huchukua takriban nusu megabaiti, na mgonjwa mmoja aghalabu hupigwa vipande mamia, amana iliyowekwa humo si haba.

Diski hufa, nazo hufa bila ya kuaga. Kwa hiyo David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza mwaka 1988 mpango ujulikanao kama RAID, ambamo data hugawanywa katika diski nyingi pamoja na hesabu ya ziada, hata moja ikiharibika zilizosalia huweza kukokotoa upya kilichopotea. Hila hii ni adhimu, ila ina ajabu yake: tabibu huendelea kuona picha zake kama kawaida, wala hapana shahidi wa msiba ule ghairi ya taa ya manjano na mlio mkali katika chumba kisichoingiwa na watu. Mlio ukipuuzwa, na diski ya pili ikafuata katika mpangilio unaostahimili kifo kimoja tu, hesabu haina tena la kukokotoa.

Fundi huruhusiwa kuunyamazisha mlio, almuradi asidhani kuwa amekwisha kutibu. Huanza kwa kusoma ujumbe: ni diski ipi, imo tundu la ngapi, na nakala ya akiba ilichukuliwa lini. Mimi humwogopa fundi mwepesi wa mikono kuliko diski mbovu yenyewe, kwani akikosea tundu akachomoa iliyo nzima, ameua ya pili kwa mkono wake.

Kengele ya joto ni nyingine kabisa. Kiyoyozi kikishindwa, lililobaki ni kuzima seva kwa utaratibu, zisizo za dharura kwanza, kabla joto halijazizima lenyewe. Tarehe 19 Julai 2022, siku ambayo Coningsby, Uingereza, ilipimwa nyuzijoto 40.3, hospitali za Guy's na St Thomas' za London zilikuwa na vyumba viwili vya seva, na vyote viwili vikashindwa siku ileile, maana jua lililokichoma kimoja ndilo lililokichoma cha pili. Waganga wakarejea kwenye kalamu na karatasi, na wiki kadhaa zikapita kabla ya mifumo yote kusimama tena.