Neno "Mshipa" na Tofauti za Maumbile Mwilini

Kiswahili kinalo neno moja, mshipa, libebalo maana nyingi. Njia ya damu itokayo moyoni ni mshipa. Ile irudishayo damu moyoni ni mshipa. Uzi upelekao hisi na amri baina ya ubongo na viungo nao ni mshipa. Na hata maradhi ya ngiri na busha huitwa mshipa. Si Kiswahili pekee kilicho na hali hiyo. Lingala hulitumia neno mosisa kwa njia ya damu na kwa uzi wa fahamu vilevile, na Wayunani wa kale waliita neuron kano na neva pia. Makala hii inakusudia kueleza uzito wa jambo hilo katika uganga, kwa kuwa miili ya wanadamu haikuumbwa kwa mchoro mmoja.

1. Majina ya mahali

Huko Alimbongo, katika teritwari ya Lubero, kwenye barabara itokayo Butembo kwenda Goma, lugha tatu hukutana mbele ya mgonjwa. Kinande ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya soko na ya safari, na Kifaransa ndiyo lugha aliyosomea mwuguzi. Mwuguzi huyo alifundishwa kwamba artère, veine na nerf ni vitu vitatu mbalimbali. Anapovieleza kwa Kiswahili, vyote hurudi kuwa mshipa, na tofauti hutafutwa kwa kutaja mahali: mshipa wa mkono, mshipa wa shingo, mshipa wa kiuno. Lakini mahali si shahidi wa kutegemewa, kama mifano ifuatayo ionyeshavyo.

2. Mkono

Dawa ya kupitishwa damuni hutiwa katika vena, aghalabu penye kunjo la kiwiko. Kwa kawaida ateri kuu ya mkono hugawanyika karibu na hapo, na matawi yake mawili hushuka yakiwa yamefunikwa na misuli. Hata hivyo, kwa watu wapatao 3 katika kila 100, tawi la upande wa kidole kidogo hupita juu ya misuli, karibu na ngozi, mahali hasa patarajiwapo vena. Dawa ikitiwa humo haielekei moyoni, bali hushuka vidoleni. Mishipa midogo huziba, na vidole huweza kufa hata vikakatwa. Kinga yake haihitaji chombo: ni kupapasa kabla ya kufunga mpira mkononi. Ateri hupiga, vena haipigi.

3. Shingo

Mfano wa pili wahusu sauti yenyewe. Galeni, tabibu wa karne ya 2, alionyesha kwamba neva fulani za shingoni zikikatwa, nguruwe apigaye kelele hunyamaza. Neva hizo hushuka kifuani, huzunguka mshipa mkubwa wa damu, kisha hupanda tena hadi kwenye zoloto, kiungo cha koo kitoacho sauti. Ndiyo maana Wafaransa waliziita récurrents, yaani zirudizo. Walakini, kwa watu wachache, chini ya 1 katika kila 100, ateri ya mkono wa kulia huchipuka mahali pasipo pake na kupita nyuma ya umio. Neva ya kulia, ikikosa mshipa wa kuuzunguka, hukata moja kwa moja kuelekea zoloto. Mpasuaji aondoaye rovu, asipoitambua, huweza kuikata, na mgonjwa akabaki na sauti ya kukwaruza maisha yake yote. Hapo jina lenyewe limeshindwa: wataalamu hulazimika kusema "neva irudiyo isiyorudi".

4. Tako

Neva kubwa ya mguu kwa kawaida hupita ikiwa nzima chini ya msuli uitwao pirifomisi. Kwa watu zaidi ya 10 katika kila 100 hugawanyika mapema, na sehemu yake moja huupenya msuli huo. Sindano iingiayo karibu nayo yaweza kumwacha mtoto akiburuta mguu. Kwa sababu hiyo wauguzi hufundishwa kuchoma robo ya juu, upande wa nje, au kuchagua paja.

5. Hitimisho

Istilahi ateri, vena na neva zimekwisha kuingia katika vitabu vya biolojia, na hazina budi kufundishwa. Lakini mgonjwa asiyezijua naye ana haki ya kuelewa achomwapo wapi na kwa nini. Kwake yeye, Kiswahili kina uwezo wa kutosha: mshipa upigao, mshipa urudishao damu, mshipa wa fahamu. Majina hayo hutaja kazi, wala si njia wala mahali. Njia hubadilika kutoka mtu hadi mtu, kazi haibadiliki. Jina lililojengwa juu ya kazi hubaki kweli katika kila mwili, nalo humkumbusha mwuguzi kupapasa kwanza.