Mtaji ndani ya kopo: Ndoano zisizopangwa humla muuzaji

DRANYA, Koboko – Mteja anafika mezani huku bodaboda yake ikinguruma. Anataka ndoano 20 za kuvulia kambare, zote saizi moja, naye yuko njiani kuelekea mtoni. Muuzaji anainua kopo la maziwa ya unga na kulimimina mezani. Kinachotoka ni fundo moja: kubwa kwa ndogo, zenye ncha moja kwa zenye ncha tatu, mpya kwa zilizoshika kutu, zote zimeng'ang'aniana. Anachambua kwa vidole, anachomwa, anaanza upya. Mteja anatazama jua, anaomba radhi, anaondoka.

Kisa cha namna hii kinaweza kutokea katika gulio lolote la mpakani, na hasara yake haiandikwi popote. Muuzaji hakuibiwa, wala hakuishiwa bidhaa. Ndoano alizoulizwa zilikuwamo ndani ya kopo lile lile. Alichokosa ni njia ya kuzifikia.

Dranya ni mojawapo ya kaunti ndogo za Wilaya ya Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005. Koboko iko kwenye pembe ambako Uganda inakutana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini. Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, huanzia mpaka wa Kongo na kuishia mpaka wa Sudan Kusini. Anayenunua bidhaa Arua anaweza kuziuza Ariwara upande wa Kongo, au akavuka Oraba na kuzipeleka Kaya na Yei.

Samaki ni sehemu kubwa ya biashara hiyo. Angara waliokaushwa kwa chumvi kutoka Ziwa Albert hupandishwa magari na kuvushwa mipaka. Ndoano husafiri kinyume cha samaki: hutoka madukani mjini zikaelekea Panyimur, Rhino Camp, Obongi na Laropi kando ya Nile, na kwenye mito midogo kama Kaya na Kochi.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ndoano ni bidhaa ya kupendeza. Haiozi kama nyanya, haihitaji lori, na boksi la ndoano 100 huingia mfukoni. Lakini urahisi huo ndio unaomdanganya muuzaji. Kitu kidogo hivyo anakiona hakihitaji mahali pake, basi anakitupia kwenye kopo.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha hatari. Tuseme boksi la ndoano 100 limenunuliwa kwa shilingi 20,000 za Uganda, na kila ndoano inauzwa shilingi 300. Zikiuzwa zote zitaleta 30,000, yaani faida ya 10,000. Zikiharibika 34 kwa kutu au kupinda, zinabaki 66, nazo zitaleta 19,800. Faida yote imekwisha na mtaji umeanza kuliwa. Bei hizo ni za mfano tu, lakini kila muuzaji anaweza kuweka zake na kuona mwenyewe ni ndoano ngapi mbovu zinazotosha kumrudisha nyuma.

Namba zinazokwenda kinyume

Kazi ya kwanza ni kutenganisha saizi, na hapa wengi hujikwaa kwa sababu namba za ndoano zina mkondo wake. Ndoano namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 1. Baada ya namba 1 hesabu hugeuka: hufuata 1/0, kisha 2/0, 3/0 na kuendelea, na hapo kila namba inavyopanda ndivyo ndoano inavyokuwa kubwa. Muuzaji asiyejua hilo anaweza kumpa mvuvi wa sangara ndoano ya perege, na mvuvi huyo hatarudi tena.

Tena namba si sheria ya dunia nzima. Namba 8 ya kiwanda kimoja huenda isilingane na namba 8 ya kiwanda kingine. Ndiyo maana wazoefu hawachanganyi ndoano za viwanda viwili hata kama namba zinafanana. Mvuvi anayefunga mgonzo wa ndoano nyingi anataka zote ziwe sawa, na macho yake yataona tofauti kabla ya ya muuzaji.

Njia rahisi ni kuziacha ndoano ndani ya karatasi au boksi la kiwandani hadi siku ya kuuza, kwa kuwa boksi ndilo lenye jina, namba na idadi. Zinazofunguliwa kwa rejareja ziingie kwenye chupa tupu za vidonge zenye vifuniko vya kubana, chupa moja kwa saizi moja. Namba iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa chupa, maana vifuniko hubadilishana.

Samaki wa plastiki naye ana masharti

Siku hizi pamoja na ndoano za kawaida kuna wanaouliza vyambo bandia: vijiko vya chuma vinavyong'aa, samaki wa mti au plastiki wenye ndoano za ncha tatu tumboni, na minyoo laini ya mpira. Wateja wake wakubwa ni wanaovua kwa fimbo, wakiwamo watalii wanaomfuata sangara chini ya maporomoko ya Murchison, wengi wao wakimpiga picha na kumrudisha majini.

Sangara ni mwenyeji wa maji haya. Alikuwa Ziwa Albert na kwenye Nile chini ya Murchison tangu zamani, na maporomoko hayo ndiyo yaliyomzuia kupanda juu. Ziwa Victoria lilimpata baadaye, alipopelekwa huko na watu katika miaka ya 1950 na 1960.

Chambo bandia kina historia ya watu waliotumia walichokuwa nacho. Mmarekani Julio Buel alipata hataza ya chambo cha kijiko mwaka 1852. Huko Finland, mvuvi Lauri Rapala alichonga samaki wake wa kwanza mwaka 1936, akamfunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti na kumpaka filamu ya picha iliyoyeyushwa ili maji yasiingie. Leo jina lake linauzwa dunia nzima, na chambo kimoja cha aina hiyo huweza kugharimu zaidi ya boksi zima la ndoano ndogo.

Kwa hiyo chambo bandia hakistahili kutupwa kwenye kopo. Vyenye ndoano za ncha tatu vikikaa pamoja hufungana, na kuvifungua huchubua rangi, nayo rangi ndiyo inayouza. Kila kimoja kikae kwenye chumba chake ndani ya sanduku la vyumba vidogo. Asiye na sanduku hilo anaweza kukata vipande vya mrija wa soda, akavipasua ubavuni na kuvisha kila ncha, kisha akavining'iniza vyambo kwenye waya au kamba ndani ya sanduku la bati.

Minyoo ya mpira laini ina hila yake. Ndani yake mna mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo hula plastiki za aina nyingine. Ukiiweka pamoja na samaki wa plastiki ngumu, baada ya wiki kadhaa za joto utakuta vimeyeyuka na kushikana. Hata yenyewe kwa yenyewe, nyekundu huipaka nyeupe rangi. Dawa yake ni kuiacha kwenye mfuko wake wa kiwandani, kila rangi peke yake, mbali na paa la bati linalowaka mchana.

Kutu haipigi hodi

Mvua za Koboko, hasa kati ya Agosti na Oktoba, huleta unyevu unaoingia hata ndani ya duka lililofungwa. Sanduku la bati likikaa sakafuni hunywa unyevu wa ardhi, kwa hiyo liwekwe juu ya mbao au matofali. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba vipya visitupwe. Kazi yake ni kufyonza unyevu, na kimoja au viwili vinatosha ndani ya chupa ya ndoano. Trei za mayai za karatasi, ambazo wengine huzipenda kwa mashimo yake, hazifai msimu huo kwa sababu hushika maji.

Adui mkubwa zaidi ni ndoano iliyotumika. Mteja huomba kujaribu chambo, akakirudisha kikiwa na matone, nacho kikaingia sandukuni. Kimoja kibichi kinatosha kuambukiza sanduku zima. Kilichogusa maji kisuuzwe kwa maji safi, kifutwe, kianikwe kivulini hadi kikauke kabisa, kisha ncha zake zipakwe mafuta ya cherehani kidogo sana kwa kitambaa.

Mishipi ya nailoni nayo ihifadhiwe gizani, maana jua huidhoofisha. Roli iliyoning'inizwa mlangoni ili ionekane, baada ya miezi kadhaa itakatika mikononi mwa mvuvi. Kinachofaa ni kutundika roli tupu ya maonyesho na kuacha ya kuuza ndani.

Sanduku liwe na kufuli kwa ajili ya watoto. Ndoano ina kijino kinachoizuia kurudi ilikotoka, kwa hiyo ikizama mwilini isivutwe kwa nguvu. Aliyechomwa apelekwe kituo cha afya, akaulizie pia chanjo ya pepopunda.

Ubao mmoja, lugha nyingi

Meza moja ya Koboko huweza kutembelewa na Mkakwa, Mlugbara, mchuuzi wa Ariwara anayezungumza Kilingala na mwingine wa Yei mwenye Kiarabu cha Juba. Kiswahili huwaunganisha wengi, lakini majina ya ndoano hutofautiana kutoka ufuko hadi ufuko. Hata risasi ya kuzamishia mshipi huko pwani huitwa chubwi.

Hapo ndipo ubao wa sampuli unapofanya kazi ya mkalimani. Ni ubao mwepesi wenye ukubwa wa daftari mbili, uliopigiliwa ndoano moja ya kila saizi kwa mpangilio, kutoka ndogo hadi kubwa, na chini ya kila moja namba na bei. Mteja haulizwi anaitaje. Ananyoosha kidole, anataja idadi, na muuzaji anafungua chupa moja tu. Masanduku mengine yanabaki yamefungwa, hayapati vumbi wala mikono ya watu.

Ubao huo humfaa pia anayekwenda kununua mzigo Arua. Akiubeba, analinganisha ndoano kwa ndoano kabla ya kulipa, badala ya kuamini namba iliyo kwenye boksi peke yake.

Daftari hadi mpakani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa ndoano msemo huo ni kweli tupu. Safu tano zinatosha: aina, namba, zilizoingia, zilizouzwa, zilizoharibika. Safu ya mwisho ndiyo ambayo wengi hawaandiki, nayo ndiyo inayoonyesha kama sanduku linavuja.

Daftari hilo lina kazi nyingine mpakani. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, na wachuuzi wengi wamesikia habari za cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Ndoano iliyotengenezwa Norway au China haipati asili mpya kwa kununuliwa Arua. Anayevuka nayo akidhani inahesabiwa kama maharage ya Koboko atashangazwa kwenye dirisha la forodha.

Kinachomsaidia ni karatasi na mpangilio. Katika orodha ya forodha ya kimataifa, vifaa vya kuvulia kwa mshipi viko kwenye fungu la 95.07, na ndoano zina kifungu chake, 9507.20. Mwenye risiti ya ununuzi, orodha ya idadi kwa kila aina na maboksi yenye majina yake humaliza maswali mapema. Mwenye mfuko wa kavera uliojaa vitu vilivyochanganyika huachia makadirio yafanywe na mwingine, na makadirio ya mwingine mara chache huwa nafuu.

Ni vyema pia kumuuliza ofisa wa uvuvi wa eneo ni saizi zipi zinazoruhusiwa kabla ya kununua mzigo. Ndoano ndogo mno huvua samaki wachanga, na mzigo uliokatazwa ni mtaji uliokwama hata ukipangwa vizuri namna gani.

Yote haya hayahitaji mkopo. Chupa tupu, ubao, kalamu, daftari la shule na jioni moja baada ya gulio vinatosha kuanzia. Kopo limwagwe juu ya kitambaa cheupe, zenye kutu zitengwe na kuhesabiwa, nzima zipangwe kwa namba. Wengi watakaofanya hivyo watakuta chini ya kopo ndoano walizodhani ziliuzwa zamani. Siku ya soko inayofuata, bodaboda ikisimama na mteja akiomba ndoano 20 za kambare, zitahesabiwa kabla injini haijazimwa.