Mti Mgeni Katika Nchi Yake

Si kila mmea uliotoka mbali ni adui. Mahindi, muhogo na mkonge asili yake ni Amerika, na bila ya mazao hayo uchumi wa Tanzania ungekuwa na sura nyingine. Mmea huitwa vamizi pale unapoenea wenyewe, pasipo kupandwa, na kudhuru mimea ya asili, kilimo, mifugo au maji. Kwa hiyo haitoshi kuuliza mmea umetoka wapi. Hapana budi kuuliza unafanya nini pale ulipo.

Mfano ulio wazi uko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko bustani ya majaribio, wakapanda mamia ya aina za mimea kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Nyingi zilikufa au zilibaki zilipopandwa. Chache zilitoka nje ya bustani zikaingia msituni. Miongoni mwa hizo ni msizi, ambao wanasayansi huuita Maesopsis eminii.

Asili ya msizi ni misitu ya Afrika Magharibi hadi Uganda na Kagera. Ni mti wa Tanzania, na hata hivyo ni mgeni Usambara. Mipaka ya mimea huwekwa na milima, mvua na ukame, wala si na serikali. Orodha ya mimea ya kigeni inayotazama mipaka ya nchi peke yake ingeupitisha mti huu bila ya kuuhoji.

Matunda ya msizi huliwa na hondohondo, ambao huzidondosha mbegu mbali na mti mama. Mche wake hupenda mwanga. Katika kivuli kizito haustawi. Katika miaka ya 1970 na 1980 ukataji wa mbao kwa mashine ulifungua mapengo makubwa msituni, na msizi ukayajaza upesi. Mti huo haukuvunja mlango, ulifunguliwa.

Kinachohatarishwa si kidogo. Misitu hiyo ina mimea isiyopatikana kwingineko duniani. Imo pia miti kama msambu, ambao mbegu zake za mafuta wanavijiji huziokota na kuziuza.

Katika kuupima mmea wa namna hii, mtaalamu huuliza mambo matatu: je, unazaa bila ya msaada wa binadamu? Umefika umbali gani, na kwa njia ipi? Unaathiri nini? Majibu ndiyo yanayoonyesha mahali pa kuanzia kazi.

Kuikata misizi yote mikubwa kwa pamoja kungekuwa kosa, kwani mwanga ungeingia tena na miche mipya ingechipua kwa wingi. Yafaa kwanza kuulinda msitu uliofungamana, kung'oa miche katika mapengo, na kupanda humo miti ya asili. Misizi mikubwa iondolewe kidogo kidogo, kuanzia ile iliyojitenga mbele ya uenezi.

Aidha, kabla ya kupanda mti wowote mpya, ichunguzwe kama umewahi kuvamia mahali penye hali ya hewa kama hiyo. Mche wa leo hung'olewa kwa mkono mmoja. Baada ya miaka ishirini utahitaji msumeno, fedha na watu wengi, na mbegu zake zitakuwa zimekwisha kupelekwa na ndege ng'ambo ya bonde.